Wiki ya utamaduni imeisha, Jumatatu tumerudi kuimla notisi. Ndiyo tumeondoa ukoloni kwenye elimu?

ChakiNyeupe

Wakuu habari zenu. Mimi ni mwalimu wa historia na uraia, mwaka wa tisa huu niko na chaki mkononi. Kuna kitu kinanikera na ofisini kwa walimu siwezi kukisema chote, nimeona nikimwage hapa.

Uongozi wa shule ulitangaza kwamba sasa tunaondoa ukoloni kwenye elimu, tunarudisha utamaduni wetu. Nikafurahi, nikasema leo ndiyo leo. Kumbe yenyewe ni wiki ya utamaduni. Watoto wakavaa mavazi ya asili, ngoma zikapigwa, wakaigiza, wazazi wakaja na simu zao kurekodi, mgeni rasmi akahutubia karibu saa nzima na mwisho akapiga makofi. Ijumaa tukabandua mapambo. Jumatatu nikaingia darasani watoto wakasimama wakanisalimia kwa sauti moja kama siku zote, wakakaa, wakafungua daftari, nikaanza kuimla notisi. Sababu za ukoloni. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Mtihani ukija wataandika sita, wakisahau moja nawakata maksi.

Sasa kuna binti mmoja hukaa dirishani, siyo wale wa kunyoosha mkono kila saa, akauliza taratibu tu "mwalimu, nani aliamua ziwe sita?" Darasa zima likacheka. Mimi nikamjibu andika, muda unaisha. Akaandika.

Toka siku hiyo sina raha. Nilikuwa nawakaririsha ubaya wa ukoloni kwa njia ileile ya kikoloni, mimi nasema wao wanapokea, basi. Sasa swali langu kwenu, utamaduni unaingiaje darasani ukafungua watoto akili badala ya kuwa pambo? Nimejaribu kusoma habari za yule mwalimu wa Brazil, Paulo Freire, na ule mwamko wake wa kuwafumbua watu macho lakini makala nyingi ni nzito mno, ukimaliza kurasa kumi hujui kesho asubuhi ufanye nini. Aliyewahi kujaribu kitu atuambie. Nawasilisha.

---

mzee_wa_kalamu

Mwalimu Chaki, pole na hongera kwa mpigo mmoja. Pole kwa hiyo wiki, hongera kwa kupata mtoto wa namna hiyo.

Ni kweli wanaomweleza Freire wamemfanya mzito kuliko alivyokuwa. Ngoja nikupe tukio moja tu. Mwaka 1963, kwenye mji mdogo unaitwa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazil, yeye na vijana wa chuo walifundisha watu wazima kama 300, vibarua, wakulima, watumishi wa majumbani, kusoma na kuandika kwa masaa 40. Wakati ule Brazil asiyejua kusoma hakuwa na kura, kwahiyo kumfundisha kibarua herufi ilikuwa ni kumpa kura mkononi, na wenye mashamba makubwa walilielewa hilo upesi kuliko sisi tunaosoma leo. 1964 jeshi likapindua serikali, mpango ukafutwa, Freire akawekwa ndani siku kama 70 halafu akaishi uhamishoni miaka kama 15. Mtu afungwe kwa kufundisha a e i o u, jiulize alikuwa anafundishaje.

Alikuwa haanzi na a e i o u. Watu wanakaa duara, hakuna wa mbele wala wa nyuma, wanaoneshwa michoro. Mtu na jembe lake, mtungi wa udongo, mwindaji, kitabu. Wanaulizwa hapa kipi kimejiotea chenyewe na kipi kimetengenezwa na mtu. Wanabishana wee, mwisho mfinyanzi anagundua kwamba mtungi wake ni utamaduni sawasawa na kitabu cha msomi, wote wawili wamechukua kitu cha asili wakakigeuza kwa akili zao. Mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa hajui kitu! Hapo mwalimu ndipo unapotakiwa kusimama kidogo. Utamaduni kwa Freire haukuwa vazi, ulikuwa ushahidi kwamba dunia hii imetengenezwa na watu, tena watu kama wewe, sasa kama ilitengenezwa nani kasema haiwezi kutengenezwa upya.

Baada ya hapo ndiyo linakuja neno, mfano tofali, Kireno wanasema tijolo. Wanalijadili kwanza. Nani analifyatua, nyumba ya nani inajengwa, na wewe unayefyatua unalala kwenye nini. Likishawaka moto ndiyo linakatwa vipande, ti-jo-lo, ta te ti to tu, ja je ji jo ju, la le li lo lu, halafu watu wenyewe wanaanza kuokota silabi na kuunda maneno yao.

Sasa cheka kidogo. Kiswahili kinaikubali njia hii vizuri ajabu, maneno yetu yanakatika silabi yenyewe. To-fa-li. Ta te ti to tu, fa fe fi fo fu, la le li lo lu. Sisi wote tumeimba ba be bi bo bu mpaka sauti zikakauka. Silabi tulipewa zote, tofali hatukupewa.

---

Bi_Maswali

Samahani nitakuwa mbishi kidogo maana naona kila mtu ameshakubali kwamba utamaduni ndiyo dawa, tatizo ni kipimo tu. Mimi nasema utamaduni peke yake haujawahi kuondoa ukoloni popote, na wakoloni wenyewe walikuwa wanaupenda sana.

Mnabisha? Miaka ya 1920 kulikuwa na tume za Phelps-Stokes, mfuko mmoja wa Marekani, zilizozunguka Afrika, ya kwanza 1920 hadi 1921 na ya pili 1924, zikashauri elimu ya Mwafrika iendane na mazingira yake, kilimo, ufundi wa mikono, afya ya kijijini. 1925 Uingereza ikatoa waraka wake wa elimu kwa makoloni yake ya Afrika ukisema vilevile, elimu ifuate mila na shughuli za wenyeji. Ukiusoma leo bila kuangalia tarehe unaweza kudhani umeandikwa na mwanaharakati. Lakini wazazi wengi wa wakati ule walinusa harufu, mbona watoto wa wakubwa hawafundishwi kufuma vikapu? Waliona wanapewa elimu ya daraja la pili iliyofungwa kwenye kitambaa cha mila.

Halafu nenda Afrika Kusini. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya 1953 ilirefusha kufundisha kwa lugha ya mama mpaka miaka minane ya msingi. Lugha ya mama! Kila kabila na utamaduni wake, kila mtu akae alipozaliwa, asiote ndoto zaidi ya kibarua. Ndiyo makaburu hao hao waliokuja kulazimisha Kiafrikana, lugha yao, kwenye masomo na tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto wakaingia barabarani, wakapigwa risasi. Watoto wale hawakuwa wanakataa lugha tu, walikuwa wamekataa mtu mwingine kuwaamulia wao ni nani na wanafaa kwa kazi gani.

Kwahiyo mwalimu Chaki, wiki yenu ya utamaduni ingeweza kufanyika mwaka 1925 na gavana akapiga makofi. Kilichokosekana ni lile swali la binti wa dirishani.

---

kobe_mwendo

Mbona mnaenda mbali, hata neno shule ni la Kijerumani 😂 meza ya mwalimu Kireno, kitabu Kiarabu, daftari nalo limekuja na jahazi, halafu ubaoni tunaandika "turudi kwenye asili yetu". Tuondoe ukoloni tubaki tumekaa chini tunaangaliana.

---

mzee_wa_kalamu

Kobe umetania lakini umesema kitu. Watu wa pwani walilichukua neno kitabu wakalipa wingi wa vitabu na udogo wa kijitabu, Mwarabu mwenyewe hawezi kulitambua tena. Kuchukua siyo tatizo. Kulazimishwa ndiyo tatizo, na kufundishwa kwamba chako hakifai hata kabla hujakifahamu.

---

mwana_wa_ngano

Bi Maswali nakuheshimu dada yangu ila umetupa mtoto na maji ya kuogea. Lugha ndiyo mlango. Mtoto ambaye darasani anatafuta neno kwa dakika tatu hawezi kuuliza "nani aliamua", ataishia kuuliza "naomba kwenda chooni". Huyo binti aliuliza swali lake kwa lugha anayoiota usiku, au siyo mwalimu?

Mfano mimi napenda ule wa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. Sheria ya 1867 iliwajengea shule za kufundisha kwa Kiingereza, vizazi vikapita, kufika miaka ya 1970 wanaoongea Kimaori vizuri wengi walikuwa wazee. Hawakufanya wiki ya utamaduni. 1982 walifungua kohanga reo, maana yake kiota cha lugha, watoto wadogo ambao hata shule hawajaanza wanashinda na mabibi na mababu, wanawasikia wakiongea Kimaori tu kutwa nzima. Watoto wakakua, wazazi wakasema sasa waende wapi, wakarudi kwenye Kiingereza? 1985 wakaanzisha shule ya msingi yao wenyewe, 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi kwa sheria. Angalia mfuatano huo, walianza na bibi, serikali ikaja nyuma.

Na Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, mnamsahau? 1968 pale chuo kikuu Nairobi yeye na wenzake Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ifutwe. Watu wengi wanadhani walitaka Shakespeare achomwe moto. Hapana, waliuliza tu kwanini Uingereza iwe katikati ya duara na Afrika iwe pembeni, kwanini tusianze na fasihi simulizi na maandishi yetu kisha tutoke kwenda Caribbean, Asia, Ulaya. Idara ikabadilika kweli.

Halafu 1977 akashuka kijijini Kamĩrĩĩthũ, tamthilia kwa Kikuyu, wanakijiji wenyewe waigizaji, wanasikiliza maneno wanasema hapana mzee haongei hivyo, hapa wimbo siyo huo, wanarekebisha. Ilichezwa wiki chache tu kibali kikafutwa, mwisho wa mwaka Ngũgĩ akakamatwa akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. 1982 ule ukumbi wa wanakijiji ukabomolewa. Kumbuka alikuwa ameshaandika riwaya kwa Kiingereza zinazoisema serikali na hakuguswa! Kwahiyo mwalimu nakupa kipimo changu, mgeni rasmi akiangalia igizo la watoto mwanzo mpaka mwisho bila kukunja uso hata mara moja, hapo hakuna ukoloni ulioondolewa.

---

jembe_na_kalamu

Hicho kipimo cha mgeni rasmi nimekipenda nitakiiba 😄

Ila niongeze mfano wa kushindwa maana humu tunasimulia ushindi tu. Freire huyohuyo baada ya Guinea-Bissau kupata uhuru alialikwa kusaidia kisomo cha watu wazima kuanzia 1975. Nchi imetoka vitani, watu wana ari, duara zipo, michoro ipo, maneno yamechaguliwa kutoka kwenye maisha yao. Haikufika mbali. Sababu kubwa kisomo kilikuwa kwa Kireno na wanavijiji wengi walikuwa hawaongei Kireno, wanaongea Krioli au lugha zao. Tofali uliite kwa neno asilolijua mfyatuaji, mjadala unatoka wapi? Hapo namuunga mkono mwana wa ngano.

Lakini Bi Maswali naye ana hoja na aliyeisema vizuri zaidi ni Amílcar Cabral wa hukohuko Guinea-Bissau. Mtu wa udongo yule, bwana kilimo, mwaka 1953 alizunguka nchi nzima akifanya sensa ya kilimo kwa ajili ya serikali ya Wareno na ndipo akawajua watu wake shamba kwa shamba. Baadaye msituni, wakipigana na Wareno, chama chake kikawa na shule kwenye maeneo yaliyokombolewa, na msimamo wake ulikuwa mgumu pande zote mbili. Alisema utamaduni ndiyo mzizi wa ukombozi, mtawaliwa anayebaki na utamaduni wake hajashindwa bado. Hapohapo akasema usiukumbatie mzimamzima, kuna mambo ndani yake yanadumaza watu, yanawakandamiza wanawake, yanawafanya watu waogope mto au mti, na hayo lazima yasemwe. Aliuawa Conakry, nchi jirani ya Guinea, Januari 1973, uhuru hakuuona.

Hapo mimi ndipo naona kazi ya mwalimu ilipo. Kuupeleka utamaduni mahakamani, siyo kuuweka kwenye fremu.

---

Mama_Wawili

Jamani mimi siyo mwalimu, ni mzazi. Nasoma hapa majina makubwa, Brazil, Guinea, New Zealand, vizuri sana. Nina watoto wawili. Mitihani inatoka kulekule inakotoka, inasahihishwa kwa mwongozo wenye hoja sita. Mwalimu akija na duara na michoro mwanangu akakosa hizo sita nani atamlipia? Nyie mliosoma mkakariri mkapata vyeti ndiyo leo mnatuambia kukariri kubaya. Siyo kwa ubaya, nauliza tu.

---

Bi_Maswali

Mama Wawili hili ndilo swali la maana kuliko yote humu na watu wa nadharia huwa wanalikwepa. Kumnyima mtoto wa maskini funguo za mtihani kwa jina la ukombozi ni ukoloni mwingine, narudi kwenye ile ya 1925.

Jibu langu, wafundishwe sita. Wazijue kama jina lao. Ila wafundishwe pia kwamba ni sita za mtu fulani. Mtihani wenyewe ni kitu kilichotengenezwa na watu, kama ule mtungi wa mzee. Nani aliutunga, anauliza nini, hataki kusikia nini. Mtoto anayeujua mtihani kwa ndani hivyo mimi naamini ataufanya vizuri zaidi.

---

ChakiNyeupe

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote mara mbili. Mama Wawili nimekuelewa, na mimi nina wangu anafanya mtihani mwakani.

Mzee wa kalamu shikamoo. Naomba unipunguzie. Mimi nina watoto 58, dakika 40, madawati hayatoki maana yameunganishwa, duara halipo. Nina chaki na ubao. Nianzie wapi kesho? Nilikuwa nafikiria vitendawili, maana kile ni chetu na ni cha kuulizana.

---

mzee_wa_kalamu

Marahaba mwalimu. Vitendawili ni vitamu lakini angalia, kitendawili kina jibu moja na analo aliyetega. Ukishindwa unaombwa mji, unatoa mji, ndiyo unapewa jibu. Hiyo ni imla yenye kicheko! Ukitaka kukitumia basi geuza, mtoto akija na jibu jingine linaloingia, alitetee, na aliyetega ndiye atoe mji. Utaona vurugu yake.

Mimi ningeanza na methali. Sababu ni hii, wenzetu waliotutawala walipenda kusema Mwafrika ana hekima za wazee, maana yake hafikiri, anarudia. Na sisi tukalimeza, tunafundisha methali kama dawa ya kunywa, maana na matumizi, kwisha. Lakini zichukue uziweke pamoja uone zinavyogombana. Haraka haraka haina baraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawa ni watu wawili wanabishana miaka mingi na ubishi wao ndiyo utamaduni wetu! Mababu walikuwa wanapingana, tena hadharani, tena kwa maneno yaliyopimwa. Fikra tunduizi siyo mzigo ulioshushwa na meli.

Kwahiyo kesho andika mbili tu ubaoni. Mwenye nguvu mpishe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Uliza nani aliitunga hii na alikuwa amesimama wapi. Kisha kaa kimya. Kukaa kimya ndiyo sehemu ngumu, nakuonya.

---

adabu_kwanza

Mnafurahisha nyie. Mnawafundisha watoto kuhoji methali, wiki ijayo anamhoji babu yake, mwezi ujao anakuhoji wewe kwanini usahihishe kazi yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hii "kuhoji kila kitu" nayo ni ya wazungu mnairudisha kwa mlango wa nyuma.

---

jembe_na_kalamu

Ndugu Adabu, kumhoji mtu na kumvunjia heshima ni vitu viwili. Mtoto akimuuliza babu "kwanini wakati wenu wasichana hawakupelekwa shule" anaweza kuuliza amepiga magoti na babu akajibu kwa furaha, wazee wengi hawajawahi kuulizwa hata siku moja, wanaamkiwa tu. Na hiyo ya kuvunjika guu, kuna mkuu aliyesema kweli na kuna mkuu aliyewapeleka watu shimoni wakavunjika wote.

Nyerere mwaka 1967 alipotoa Elimu ya Kujitegemea, moja ya mambo aliyolalamikia ni kwamba shule za kikoloni zinamfanya mtoto aamini maarifa yako vitabuni tu na yanatoka kwa waliosoma, mzee wa kijijini na ujuzi wake hana la kumfundisha. Na palepale akataka vijana wenye akili ya kuuliza, kujifunza kwa wengine, kukataa au kurekebisha. Vyote viwili kwenye waraka mmoja. Utekelezaji sehemu nyingi ukashika jembe tu ukaacha maswali, mtoto analima shamba la shule na kuimla notisi kunaendelea kama kawaida. Hiyo ni stori nyingine, nikiianza hatulali.

---

adabu_kwanza

Sijasema wasiulize kabisa. Nasema mpaka uwepo. Na huo mpaka hamjauonesha.

---

ChakiNyeupe

Narudi na mrejesho wakuu, ni wiki na siku kadhaa. Uzi umekuwa mrefu samahanini lakini lazima niwasimulie.

Niliandika zile mbili ubaoni, nikauliza nani alitunga, nikakaa kimya. Mzee ulinionya lakini sikujua itauma vile. Dakika nne tano hivi, watoto 58 wananiangalia mdomo wanasubiri jibu lianguke waliokote. Nilitaka kulisema kabisa, nikajishika.

Akaanza mvulana wa nyuma, akasema mwenye nguvu mpishe imetungwa na mwenye nguvu ili apishwe. Wote wakakubali na mimi moyoni nikasema ndiyo hilo, somo limeisha. Binti wa dirishani akasema hapana, hiyo ni ya mnyonge, ni mama anamwambia mtoto wake usije ukauawa, pisha upite utakutana naye mbele. Wakuu mimi nimefundisha miaka tisa sijawahi kuifikiria hivyo. Ikawa vita. Halafu mwingine akageukia ile ya pili, "mwalimu mbona wanamnyonga kwanza ndiyo wanampa haki, ataitumia lini?" Hapo darasa lililipuka mpaka mwalimu wa jirani akachungulia.

Kipindi kilichofuata nikawarudisha kwenye zile sababu sita. Sikusema kitu, nikaandika tu ubaoni malighafi, masoko, na zile nyingine, nikauliza mtu aliyeandika hizi alikuwa amesimama wapi. Wakaona wenyewe kwamba zote sita zinaanzia Ulaya, viwanda vyao, shida zao, ushindani wao, upande huu hakuna mtu anayefanya chochote, kama nyumba tupu imevamiwa. Wakaanza kutafuta watu wa upande huu. Walipigana, walikataa, wengine walishirikiana. Mmoja akamtaja chifu Mangungo wa Msovero aliyewekeana mkataba na Mjerumani Karl Peters mwaka 1884, wakaanza kucheka kama tunavyocheka wote, maana jina la Mangungo siku hizi ni tusi kwa yeyote aliyesaini mkataba mbovu. Kijana mmoja mkimya sana akauliza, mkataba ulikuwa kwa lugha gani. Nikajibu Kijerumani. Akasema sasa kwanini tunamcheka aliyeshindwa kuusoma na hatumcheki aliyemletea karatasi akijua hawezi kuisoma?

Sikuwa na jibu. Niliwaambia kweli sina jibu. Kengele ikalia na hawakutoka mara moja, jambo ambalo kwangu ni jipya.

Siyo yote yalikwenda sawa, niwe mkweli. Nimechelewa silabasi kwa vipindi viwili, mkubwa wangu wa taaluma ameshaniuliza mara moja. Na kuna watoto kumi na kitu wa mbele ambao huwa ndiyo wanaongoza, hawakuipenda kabisa, wanasema mwalimu utupe tu cha kuandika. Wale ndiyo nimewatengeneza mimi kwa miaka yote hii.

---

mzee_wa_kalamu

Usiwalaumu hao wa mbele. Walishajua sheria za mchezo na walikuwa wanashinda, wewe umebadilisha mchezo bila kuwaambia. Wape muda, na wape kazi ya kuandika maswali badala ya majibu, wataipenda kwasababu bado ni kuandika.

Hilo la aliyeleta karatasi nimelisoma nikaweka simu chini.

---

Bi_Maswali

"Ataitumia lini" 😭 huyo mtoto apewe nafasi yangu humu, mimi nipumzike.

---

Mama_Wawili

Mwalimu nimesoma, sitasema hukunigusa. Ila bado nauliza lilelile. Kwenye mtihani waandike nini?

---

ChakiNyeupe

Mama, binti wa dirishani naye kaniuliza hivyohivyo, "mwalimu nikiandika ya saba nitapata maksi?" Nimewaambia ukweli kwamba kwenye mtihani wa taifa pengine hupati. Kwa hiyo majaribio yangu ya darasani tumekubaliana karatasi mbele waandike sita kama zilivyo, bila kukosa hata moja, nyuma waandike ya saba na waseme wameitoa wapi.

---

Mama_Wawili

Na huko nyuma nani anasahihisha?

---

ChakiNyeupe

Wao. Jumatano wanabadilishana karatasi. Mwongozo wanaandika wenyewe kesho, nimewapa dakika 40.

---

kobe_mwendo

Mwongozo uwe na hoja ngapi? Sita? 😂